Namba Tisa wa Chui

Barua ya kumtisha Elphas ilianza kwa salamu.

"Kwako ndugu Elphas. Ama baada ya salamu nyingi, natumai u mzima wa afya, wewe pamoja na jamaa. Dhumuni la barua hii ni kukuarifu kwamba ifikapo Jumapili uwe umerudi kwenu bara. Usipoondoka utauawa. Wasalaam."

Everline, mkewe, aliisoma mara moja akaanza kufunga nguo. Elphas aliisoma mara tatu, akacheka.

"Huyu ni mtu anatuchezea tu," alisema. "Mwenye anataka kukuua hawezi kukusalimia."

"Na Lennox alichezewa?"

Lennox, winga wa kulia, mbara mwenzao, alipata barua yake Jumatatu. Jumanne alikuwa ndani ya basi la Kakamega, hata timu hakuiaga.

Ilikuwa Agosti ya 1997, mwaka wa uchaguzi, na maneno ya kuwafukuza wabara yalikuwa mengi Ukunda. Elphas aliogopa, nani asingeogopa? Lakini alikuja pwani miaka saba iliyopita kuosha vyombo katika hoteli moja ya Diani, na hakuna aliyejua hata jina lake. Leo alikuwa mshambuliaji wa Chui wa Bongwe, mabingwa wa ligi. Msimu uliopita walifunga mabao hamsini na manne, na ishirini na saba yalikuwa yake. Akipita sokoni, akina mama wauza samaki walimwita Namba Tisa na kumwongezea kipande. Huko bara nani angemwongezea kitu? Kurudi kuwa si lolote si chochote kulimtisha kuliko barua.

Ijumaa alasiri alikwenda Bongwe kumtafuta kocha wao, Mwalimu Tsofa. Shule ilikuwa imefungwa, lakini Mwalimu alikuwa peke yake katika darasa la sita, na mbele yake daftari la timu. Alikuwa akipanga washambuliaji wa msimu mpya. Kushoto aliandika Ngala. Kulia palikuwa patupu. Katikati pia palikuwa patupu, na Elphas alipopaona moyo ulimwuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Mwalimu alimkodolea macho. "Hujasafiri?"

"Nisafiri niende wapi na ligi inaanza mwezi ujao?" Elphas alivuta kiti. "Lennox ameenda, sawa. Tumpange Mwinga kulia. Ako na mbio."

"Mwinga ana wiki tatu halali kwao. Mamake anasema yuko msituni na wenzake. Nilimuuliza wanafanya nini huko, akaanza kulia."

Nje mbuzi wa jirani walikuwa wakitafuna ua wa shule, na Mwalimu, mkali kwa mbuzi kama alivyokuwa mkali kwa mabeki, hakujishughulisha kuwafukuza.

"Elphas, mwanangu," alisema, "hata kwenu kuna viwanja. Waweza kucheza huko."

Elphas hakuamini masikio yake. Huyu ndiye kocha aliyemnyima ruhusa ya kwenda harusi ya dadake kwa ajili ya mechi ya Msambweni! Mtu aliyekuwa akimpelekea uji wa pilipili manga kitandani akishikwa na homa, ili Jumamosi aweze kucheza.

"Umepata namba tisa mwingine? Niambie tu, Mwalimu. Sitakasirika."

"Sijapata, wala sitapata. Ukiondoka wewe, msimu ujao tutafungwa na kila mtu. Hata Bodo watatufunga, nao hawana viatu."

"Sasa mbona unanifukuza?"

Mwalimu aliinamia daftari lake. Kope zake zilikuwa zimelowa, na Elphas akadhani ni hofu ya kushuka daraja. Akamwonea huruma mzee wa watu. Akaona heri amchekeshe, akatoa ile barua mfukoni na kuiweka juu ya daftari.

"Hebu soma hii, Mwalimu. Nimeonyesha mpaka wapishi kule hotelini, tumecheka hadi tukalia! Eti salamu nyingi, eti natumai u mzima. Huyu hana nia yoyote, ni maneno tu. Nimemwambia Everline afungue mizigo. Mimi siendi mahali. Niandike hapo katikati."

Mwalimu hakucheka. Hakuikunjua barua wala hakuitazama. Alipitisha kiganja usoni, akageuza ukurasa wa washambuliaji, akachana karatasi safi kutoka nyuma ya daftari na kuchukua kalamu.

"Basi itanibidi niandike nyingine," alisema kwa sauti iliyokauka. "Na hii sitaitia salamu."