Wanja wa Majonzi

Rafiq alikuwa ameshapaka wanja jicho la kushoto pale Matia alipogonga mlango wa bafu, akauliza kama kuna mtu amefia humo.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, Al Baraha, mjini Dubai, katika nyumba ambayo bafu moja lilitumiwa na wanaume wengi wenye haraka. Rafiq aliusugua ule wanja kwa sabuni, ukamsambaa hadi shavuni, akatoka kama mtu aliyepigwa ngumi. Matia, Mganda aliyelinda mlango wa jumba moja la ofisi kule Jumeirah Lake Towers, alimtazama kitambo, kisha akamuuliza kwa upole kama anahitaji kuombewa.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mwaka 2007, kabla hajawa muuza vipuri vya magari, Rafiq alikuwa mwimbaji wa bendi ya emo, ule muziki wa roki wa kulialia, mjini Mombasa. Iliitwa Wanja wa Majonzi. Walikuwa vijana watatu wenye nywele zilizofunika jicho moja, wakiimba kana kwamba dunia imewatelekeza, ilhali kila mmoja bado alikuwa akipikiwa na mamake. Bendi iliishi miezi michache. Walipanda jukwaani mara mbili, na mara ya pili ilikuwa harusini, ambako walizimiwa umeme kabla ya kiitikio. Mpiga gitaa, Waleed, alipopata nafasi ya kusoma India, kila kitu kikaisha, na hakuna aliyeulizia.

Mpaka mwaka huu wa 2016. Mtu mmoja wa Finland, ambaye starehe yake ni kukusanya bendi zilizokufa, alizipata nyimbo zao mbili, Mungu ndiye ajuaye wapi, akaziweka mtandaoni. Waliozisikiliza walikuwa wachache, na Rafiq alijua fika kwamba nusu yao ni yeye mwenyewe. Lakini chini ya nyimbo hizo mwanamke mmoja, Swafiya, alikuwa ameandika: "Nyingine ziko wapi? Niko Dubai. Nitakuja popote."

Rafiq alimjibu akijifanya meneja wa Rafiq. Aliandika kwamba msanii ana shughuli nyingi, ila huenda akapatikana Ijumaa moja. Kisha akampigia simu dadake Muna, Mombasa, amtafutie CD ya asili, ile moja tu iliyosalia. Muna aliikuta, na kasha lake, chini ya mguu wa kabati, ilikotiwa ili kabati lisiyumbe. Akampa mtu aliyekuwa akisafiri kwenda Dubai.

Ndani ya treni ya metro Rafiq alijizoeza unyenyekevu. Angesema sifa zote ni za Mungu. Angekataa kupigwa picha, mara moja tu, kisha angekubali.

Swafiya alikuwa ameshafika kwenye mkahawa wa Dubai Marina waliokubaliana: mwanamke aliyemzidi umri kidogo, abaya imefunika sare ya hoteli, laptopu iko mezani. Hakuwa na sura ya shabiki wa emo. Lakini Rafiq mwenyewe, ambaye tumbo lake lilikuwa likigombana na vifungo vya shati jeusi, hakuwa na la kusema kuhusu sura za watu.

Swafiya alieleza kwamba binamu yake wa Kibokoni, Mombasa, ndiye aliyemtumia zile nyimbo, na kwamba ule wa pili ameusikiliza kila siku tangu hapo.

"Sifa zote ni za Mungu," alisema Rafiq.

"Mlirekodi wapi?"

"Kibokoni hapo hapo. Chumba cha juu, kwa kina Waleed."

"Dirisha lilikuwa wazi?"

Huyu ni mjuzi, Rafiq aliwaza. Akamfafanulia kwa kirefu kwamba walitaka pumzi ya mji iingie ndani ya huzuni. Ukweli ni kwamba feni ilikuwa imeharibika.

Swafiya alimsubiri amalize. "Ule wa pili, mtandaoni umekatwa ghafla mwishoni. Kwenye CD unaendelea?"

Rafiq aliona haya. Alikiri kwamba unaendelea, ila mwisho wake uliharibika, na lau angekuwa na mitambo angeusafisha kwanza.

"Usisafishe kitu, kakangu. Tafadhali."

Aliitia CD kwenye laptopu, akavaa spika za masikioni. Rafiq aliichungulia skrini, akamwona akiuruka utangulizi wa gitaa, uliowatoa jasho wiki nzima. Akauruka ubeti wa kwanza. Akaruka hata ule ukelele mrefu ambao baada yake Rafiq alipoteza sauti, ikabidi aagize chai kwa ishara. Ilimuuma. Akajiambia kwamba wajuzi ndivyo walivyo, huenda moja kwa moja kwenye kiini.

Kisha Swafiya akatulia. Alifumba macho, na machozi yakaanza kumtiririka bila ya yeye kuyajali.

Rafiq hakuwahi kumliza mtu kwa kuimba, isipokuwa mtoto mmoja pale harusini. Alianza kumwambia kwamba maneno yale aliyaandika akiwa na uchungu usiosemeka, lakini Swafiya aliinua mkono kumnyamazisha, akarudisha wimbo nyuma kidogo, akachomoa spika moja sikioni na kumpa.

Rafiq alisikia sauti yake ya ujana ikilia hadi kukatika. Kisha, kutoka chini ya dirisha, ikapaa sauti ya mwanamke, kali, na kicheko ndani yake: "Nyinyi wana, basi! Kama ni tumbo lawauma, shukeni niwape tangawizi."

"Mama," alisema Swafiya. "Mtandaoni anakatwa baada ya 'Nyinyi wana' tu. Alitutoka mwaka uleule mliorekodi. Hatuna sauti yake pengine popote."