Kitendawili Kilichomshinda Kanze

"Kitendawili," alisema mavyaa wake, akimenya muhogo barazani kwao Kuze.

"Tega," alijibu Kanze. Kwa miaka sita ya ndoa yake, mama huyu ndiye aliyemfundisha kutegua: asikimbilie jibu, aulize kwanza kitu chenyewe hufanya nini. Siku hizi hashindwi kirahisi, na huona raha kweli.

"Yumo nyumbani mwangu. Hunipikia, hunifulia, hunitandikia kitanda. Jina lake silijui."

Kanze alitafakari. Jini? Mama alitikisa kichwa. Mashine? Hapana. Kivuli? Lakini kivuli hakipiki. Alijaribu hili na lile mpaka akachoka, akacheka.

"Haya mama, nimeshindwa. Nakupa mji. Chukua Lamu."

Alingoja mama ajitape, kama kawaida yake, jinsi alivyofika Lamu akala, akanywa na kutunzwa. Mama akaweka kisu chini. Akamshika mkono kwa vidole vilivyolowa maji ya muhogo, akamtazama usoni kwa haya.

"Lamu siitaki. Nataka jibu."

Kanze alibaki na tabasamu lake, asijue kama mchezo bado unaendelea.

"Nambie, mwanangu," alisema mama polepole. "Waitwa nani?"