Mahindi Yasiyolala

Nilimenya hindi likiwa bado kwenye bua, nikakuta punje zimeota ndani ya maganda. Vimea vyeupe vilikuwa vimesukana kama nywele za mtoto mchanga, na vizizi vyake vikaninasa vidoleni.

"Mvua imetuharibia," nikamwambia binti yangu Efrazia, aliyerudi likizo kutoka chuo cha kilimo.

"Si mvua peke yake, mama. Punje ina homoni ya kuilaza mpaka ivunwe. Mbegu yetu ina homoni hiyo kidogo mno. Kasoro iko kwenye jeni, inarithiwa."

"Usingizi wa mahindi! Hayo ndiyo mnayofundishwa?"

"Kila mwaka mnaloweka mbegu, mnapanda zinazowahi kuota, zinazochelewa mnawapa kuku. Zenye usingizi zimeliwa na kuku, mama."

Wakulima wenzangu wa hapa kwetu Mlola mnaofanya hivyo, nawaomba muache. Mimi nilibaki nimeshika lile hindi, sijui nilitupe au nilirudishie maganda yake.

"Basi msimu ujao tutapanda ya mwaka jana yaliyo darini," nikasema.

"Ni uzao huo huo."

Nikatazama shamba zima, mahindi yamesimama kwa mistari, chakula chetu cha mwaka. Mvua ikaanza tena.