Swali Halikuwa la Pepo

Ngoma zilikuwa zikilia tangu asubuhi na pepo hakupanda. Fundi alishapunga pepo wakaidi wengi, lakini si wa namna hii.

"Nasema nawe uliye kichwani mwa Mwanamvua," akaita tena, kama alivyofundishwa na mama yake. "Nani wewe? Wataka nini? Kanga nyekundu? Marashi?"

"Marashi anayapenda," mume wa Mwanamvua akadakia.

Mwanamvua mwenyewe aliketi mkekani mbele yake. Alikuwa ameletwa kutoka Miono kwa lori la mkonge, na tangu harusi yake hakuna aliyemsikia akitamka neno.

Fundi akavitazama vidole vya Mwanamvua. Vilikuwa vimepapasa mkeka mpaka vikapata mahali msuko wa ukili ulipofumuka, sasa vinausuka upya, taratibu, bila kukosea hata ukindu mmoja.

Pepo gani huyo wa kutengeneza mikeka ya watu?

Fundi akainua mkono, ngoma zikanyamaza. Akakisogeza chetezo cha ubani kando, akaketi chini, goti kwa goti na mgonjwa wake. Wapiga ngoma wakatazamana. Fundi haketi na mgonjwa aliye kiti cha pepo.

"Mwanangu, pepo nimemwacha. Nakuuliza wewe. Wewe mwenyewe wataka nini?"

"Bibi, huyu anataka tu..." mume akaanza.

"Sijakuuliza wewe, baba."

Vidole vikasimama. Mume akafungua kinywa tena, na Mwanamvua akamwinulia kiganja.

"Niacheni kidogo," akasema, sauti ikikwaruza kama mlango uliofungwa siku nyingi. "Nafikiri."