Pikapu ya Nzilani

Sheria ilikataza gari lisilo na akili yake ya kujiendesha kutembea barabarani. Basi Nzilani akaifumua pikapu kuukuu ya dizeli ya marehemu baba yake, akaiunda upya uani kwake Mwingi. Alichomelea bodi, akabadilisha pistoni, kisha akaifungia akili hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Injini iliponguruma, majirani walipiga vigelegele.

"Mwanangu, baba yako angelia kwa furaha," mama yake alisema akipanda.

"Twende sokoni, mama, watu watuone!" Nzilani alijibu, kifua mbele.

"Sokoni kuna msongamano," pikapu ikasema kwa upole. "Nitawapeleka kanisani."

Ikaondoka. Mama akawapungia majirani mkono akicheka. Nzilani naye akapunga, huku mguu wake ukikanyaga breki isiyomtii.