Tangi Kubwa

Kwa sheria, kila nyumba hulea tumbawe moja, na letu lilikuwa limekua. Tangi kubwa lilipoletwa, lilienea mahali pamoja tu: penye kitanda cha mwanetu, Mwanakheri.

"Atalala nasi," alisema mume wangu Athmani, akilihamisha tumbawe kwa mikono miwili. "Pole, mama. Tumefika," akaliambia.

"Mimi hukunibembeleza hivyo hata nilipojifungua."

"Jamani! Unalionea wivu jiwe?"

"Si jiwe. Darasa la jioni tumefundishwa ni mnyama."

Akacheka, akaenda kukoroga maji ya chumvi. Tumbawe likafumbua vidole vyake vyote kuelekea alikopita.

Nikashika kidhibiti cha joto la tangi. Nyuzi tatu tu zaidi zingeliua. Mwanakheri, niliyempakata, alidhani ni mchezo, akanisaidia kuzungusha.