Mama wa Kubadilishana

Siku hizi ukimlisha mama yako mzazi, hupati kitu. Ukimlisha mama wa mwenzio, nyumba yako inaitwa ya hisani na unapewa msamaha wa kodi. Basi mtaani kwetu wakatubadilisha kama masufuria ya shughuli: mie nikahamia kwa jirani, na Bi Sikudhani, mama wa jirani, akahamia kwa mwanangu Mbwana. Katikati ni ukuta mmoja tu. Namsikia kikongwe yule anavyokoroma kitandani kwangu, na kukoroma kwenyewe hajui.

Juzi nikashikwa na homa. Mbwana akaniletea uji wa pilipili manga, ninaoupenda. Jicho la serikali lililo juu ya mlango likamuuliza kwa sauti yake tamu ya kuchefua:

"Mgonjwa ni nani kwako, ndugu?"

Jirani akakohoa uani. Neno moja tu likiponyoka, nyumba zote mbili zinapoteza msamaha.

"Mtu baki," akasema Mbwana. "Namsaidia tu."

"Mungu akubariki," jicho likajibu, likawaka kijani.

Mtu baki, mie! Mtoto niliyemfyonza kamasi kwa mdomo huu!

Akaketi, akaninywesha kijiko cha kwanza.

"Mtamu?" akanong'ona.

"Mtamu, mwana wa watu," nikajibu kwa sauti, jicho lisikie. "Mamako alikufunza vizuri. Yu hai?"

Kijiko kikasimama hewani. Lile jicho likamgeukia, kijani kikazimika, likangoja jibu pamoja nami.